Nilivyowaaga Wenzangu wa Mipira kwa Tanzia

Jambo la kijinga nililifanya Jumamosi asubuhi, nikiwa mzima wa afya, nimeshiba uji na muhogo wa kuchemsha: nilijitangazia kifo. Nilichukua simu, nikaingia kwenye kundi la watu wa mtandao wetu wa michezo, nikaandika hivi:

"TANZIA. Mipira yote ya mtandao wetu, ya miguu na ya pete, inasikitika kutangaza kifo cha fundi wake mpendwa, Yasini, kilichotokea leo Masasi baada ya kuugua ghafla ugonjwa wa Kidato cha Nne. Marehemu atazikwa darasani. Ameacha bomba moja na sindano mbili. Msilete maua, leteni korosho."

Nikacheka peke yangu. Kisha nikakumbuka kwamba watu watapiga, na mimi sikutaka kuongea na mtu. Nikaizima simu. Nikaifukia kwenye debe la unga, nikaenda shule kujisomea.

Wadogo zangu mnaorithi bomba langu, hapo yapo makosa mawili, msije mkaliona moja. Kuandika lilikuwa kosa. Kuzima simu lilikuwa baba yake.

Mimi ni mstaafu. Msicheke. Nina miaka kumi na saba, ndevu bado ziko njiani, lakini nimeitumikia mipira tangu darasa la sita, Jumamosi kwa Jumamosi, na mgongo unaniuma kweli kwa kukaa nyuma ya pikapu. Mtandao wetu hautafuti faida. Unawakusanya watoto wa Masasi na Newala mwisho wa wiki wacheze mpira wa miguu na wa pete, na wanaowachezesha ni watu wa kujitolea. Kuna makocha, kuna wapuliza filimbi, halafu kulikuwa na mimi, fundi: kujaza upepo, kuziba, kushona, kuchora mistari ya uwanja. Bila mimi wale makocha wote ni watu wazima waliosimama kwenye vumbi wakitazamana.

Aliyenifundisha ni Mwalimu Tekla, kiongozi wetu, mama mfupi aliyestaafu ualimu. Yeye amestaafu kweli, si kama mimi. Mama alinishika mkono akanipeleka kwake, akasema, "Mwalimu, huyu ana maneno mengi. Mpe kazi ya kufanya mdomo umefungwa."

Mwalimu akanitazama, akanipa bomba na mpira uliosinyaa kama shavu la bibi. "Sindano ya bomba unailowesha kwa mate kabla hujaichomeka," akasema. "Kwa hiyo mdomo ataufungua kidogo, Mama Yasini. Samahani."

Hilo la mate mlishike. Sindano kavu inachana vali, kile kitundu cha kuingizia upepo, na mpira uliochanika vali hauna dawa, unakuwa mto wa kulalia mbwa. Nilichana vali siku yangu ya kwanza, nikachana nyingine siku ya pili, halafu nikamwambia Mwalimu kwamba mipira hiyo ilikuwa na huzuni tangu dukani. Hakucheka. Alinipa mpira wa tatu. Mwalimu Tekla akikasirika haongezi sauti, anaongeza kazi.

La pili ni la maji, na hili ni kwa wale mtakaopanda juu, Kitangari na kwingineko Newala. Hapa Masasi ukitaka kujua mpira unavuja wapi, unauzamisha kwenye beseni, unatazama mapovu. Mara yangu ya kwanza Kitangari nikaona ndoo imejaa kando ya uwanja, maji meupe yametulia, nikauzamisha mpira mzima na vumbi lake. Mwenye ndoo alikuwa mama mmoja aliyekuja kumtazama mwanawe akicheza. Hakunitukana. Alimwaga yale maji taratibu kwenye mche wa mpapai, akanikabidhi ndoo tupu, akaninyooshea kidole njia ya kwenda bondeni, ambako ndiko wanakochota maji.

Nilishuka. Kushuka si kazi. Nilipopanda na ile ndoo kichwani, shingo imeingia mabegani, mechi ilikuwa imekwisha na watoto wamekwenda kula. Mama yule akapokea ndoo, akasema, "Ahsante, baba. Umekuwa mtu wa Kitangari sasa."

Toka siku ile nikajifunza njia ya Mwalimu Tekla: unalamba mdomo wa chini, unauzungusha mpira karibu na mdomo polepole, na pale upepo unapotoka mdomo wenyewe unakuambia kwa ubaridi. Wapita njia watasema unaubusu mpira. Waache waseme.

Na mistari chora kwa majivu, usichore kwa chokaa, chokaa inakula macho ya watoto wanaoanguka. Majivu omba kwa akina mama siku moja kabla, usiombe asubuhi, asubuhi wanayatumia kusugulia sufuria. Kushona sitawafundisha hapa, maana mipira inayoletwa siku hizi haina mshono, imegandishwa kwa gundi, ikipasuka imepasuka. Nilipoona wa kwanza wa aina hiyo niliugeuza na kuugeuza nikitafuta uzi. Rukia, binti wa rika langu anayefundisha mpira wa pete, akasema, "Fundi, nawe kazi yako imekufa." Nilicheka, lakini lilinichoma.

Sasa turudi kwenye kufa.

Januari hii nimeingia Kidato cha Nne. Mama alisema kabla hata shule hazijafunguliwa: Jumamosi sasa ni za vitabu. Mwalimu Tekla akakubaliana naye, tena upesi kuliko nilivyopenda. Ila akaweka sharti moja, na Mama akalipokea kama aya: "Asiondoke kama paka. Apite kwa wenzake, awaage kwa mdomo wake."

Mnaona ni jambo jepesi. Mimi nimesimama mbele ya uwanja mzima wa watu wa Newala nikaigiza mwamuzi mwenye kuhara, sikuona haya. Lakini kumwambia Mzee Chilumba wa Kitangari, "Mzee, mimi sitarudi tena," kulinishinda. Mzee Chilumba ndiye mtunza uwanja wetu kule. Hana mshahara wala hataki. Kila Jumamosi anakuwa ameng'oa miiba yote kabla hatujafika, na ameniwekea muhogo wa kuchoma chini ya kofia yake usipoe. Nilipanda kumuaga, nikafungua mdomo, nikajikuta nasimulia habari ya mbuzi wa jirani aliyekula wavu wa goli. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Nikapanda pikapu nikarudi, sijaaga. Kwa Rukia ikawa hivyo hivyo. Kwa Mwalimu mwenyewe niliuaga mpira, yeye sikumtazama.

Nilikuwa naogopa vitu viwili vinavyopingana. Naogopa nitalia, mimi Yasini, halafu nitaishije? Na naogopa hawatalia wao. Watasema, "Haya, nenda salama," filimbi itapulizwa, mchezo utaendelea, na hakuna atakayeuliza fundi yuko wapi mpaka mpira usinyae. Usiku nilikuwa nalala na hofu hizo mbili, moja kila upande, kama mtu aliyebanwa kitandani na wajomba zake.

Mama akawa anauliza kila siku, "Umeaga?" Nasema, "Bado kidogo." Alipokwenda Chiungutwa kumsaidia bibi palizi, alisema mlangoni, "Nikirudi nikute umeaga." Ndipo nikapata akili ya tanzia. Nikasema nitawaaga wote kwa mpigo, tena kwa mzaha, watacheka, tumemaliza.

Sikukumbuka jambo moja ambalo hata mtoto wa darasa la kwanza wa huku analijua. Kwetu tanzia haisomwi mpaka mwisho. Ukisikia neno lenyewe na jina la mtu, unatafuta kanzu.

Nilikuwa darasani nasoma, saa za kukaribia adhuhuri, nikasikia pikipiki getini. Alikuwa Saidi, kijana wa bodaboda wa mtaani kwetu. Nikatoka kumsalimia. Aliponiona aliiachia pikipiki ikaanguka yenyewe, akarudi nyuma hatua kadhaa.

"Simama hapo hapo," akasema.

"Saidi, vipi?"

"Nimesema simama. Wewe ni Yasini?"

"Nani mwingine?"

"Umekufa lini?"

"Sijafa!"

"Mimi nimetumwa na balozi wa nyumba kumi nije kuwaambia walimu wako umefariki, wanafunzi waje mazishini." Akanitazama miguu kuona kama inagusa chini. "Sasa nikawaambie nini?"

Nilianza kucheka. Kweli, wadogo zangu, nilianza kucheka. Kisha Saidi akasema, "Nyumbani kwenu kumejaa. Watu wa Kitangari wameshuka na pikapu nzima. Na mama yako wamemfuata Chiungutwa."

Kicheko kilikatika. Mama ana presha. Ana vidonge vyake kwenye kikopo cha chai, na daktari alimwambia mbele yangu: asibebe mizigo mizito, asipewe mshtuko. Mizigo alikataa kuiacha, ndiyo maana alikuwa kwenye palizi. Mshtuko ndio nimempa mimi, mwanawe wa kwanza, kwa kidole gumba.

"Mpigie," nikasema.

Saidi akapiga. Haipatikani. Shambani kwa bibi simu hushika ukipanda kichuguu, na hata hapo inategemea upepo.

"Nipeleke Chiungutwa."

"Nyumbani je? Watu wanachimba..."

"Saidi! Mama yangu!"

Akainyanyua pikipiki. Hapo nikafanya kosa la tatu, maana ningekwenda nyumbani kwanza yangekwisha upesi. Lakini mtu mwenye hofu hafikiri, anakimbia tu.

Mvua ilitukuta njiani. Udongo ukawa kama sabuni, pikipiki inayumba, Saidi anasoma dua kwa sauti, mimi nyuma nimemkumbatia. Nilikuwa nawaza: nani atamwambia? Atamwambiaje? Atakuwa amesimama au amekaa? Nikaomba awe amekaa. Nikaomba awe chini ya mkorosho, kivulini, karibu na mtu mwenye maji. Tulipishana na pikipiki moja ikikimbia kuelekea Masasi, dereva na wanawake wawili nyuma, wamejifunika khanga vichwani kwa ajili ya mvua. Saidi akapiga honi ya salamu. Wao hawakujibu. Tukaendelea.

Tulipofika kwa bibi, alikuwa barazani peke yake, amekaa chini, jembe limelala pembeni. Nikashuka nikiwa nimetapakaa matope, uso wote umekuwa wa udongo. Bibi akanitazama kutoka kichwani mpaka miguuni. Bibi ni mtani wangu, ananiita mume wake tangu nazaliwa.

"Mume wangu," akasema kwa sauti ndogo, "kama umekuja kunichukua, mimi bado nina palizi."

"Bibi, shikamoo. Ni mimi. Mzima. Mama yuko wapi?"

"Marahaba." Akanyoosha mkono, akanishika mguu, akaufinya kwa kucha mpaka nikapiga kelele. Hapo ndipo alipoamini, na alipoamini akachukua mpini wa jembe. Saidi ndiye aliyeshika mkono wake. "Mama yako ameondoka!" bibi akawa anapaza sauti. "Ameondoka kwa pikipiki na mke wa Athumani! Hamkuonana? Hamkuonana njiani?"

Zile khanga mbili.

Nikakaa chini kwenye matope. Bibi akaushusha mpini. Akanisimulia jinsi habari ilivyofika. Mke wa Athumani, jirani, ni dada yake Mzee Chilumba. Kaka yake alimpigia kutoka Kitangari, akamtuma. Akaja shambani, akasema, "Mama Yasini, osha mikono. Mtoto anaumwa kidogo. Inabidi turudi Masasi."

Ninyi bado wadogo, labda hamjui. Kwetu aliyefiwa haambiwi amefiwa. Anaambiwa mgonjwa, anaendelea vizuri, njoo tu. Anapewa maji. Anaambiwa avae vizuri. Na yeye anajua. Mama aliitupa khanga ya kazini, akavaa nyingine, hakuuliza swali lolote. Alipopanda kichuguu alinipigia mimi. Simu yangu ilikuwa kwenye debe la unga.

"Alisema nini?" nikauliza.

"Hakusema kitu," bibi akasema. "Angelia ningefurahi."

Safari ya kurudi sitaisimulia. Saidi alikwenda mbio kuliko pikipiki ile ilivyowahi kwenda, na mimi kila tulipopita watu wamesimama barabarani niliangalia kama wamezunguka kitu chini.

Yaliyokuwa yanatokea nyumbani nimesimuliwa na Rukia. Mwalimu Tekla alikuwa wa kwanza kufika, kwa sababu yeye aliusoma ujumbe mpaka mwisho na alitaka kuwazuia watu. Hakuwaweza. Mzee Chilumba yeye hakuona maandishi, macho yake hayaoni herufi ndogo. Mjukuu wake alimsomea, akasoma "Tanzia," akasoma jina langu, basi, mzee akamwambia funga simu, akatoka kwenda kuwaita watu. Wakati pikapu yetu inafika Kitangari kuchukua watoto, ilikuta watu wazima wamebeba unga na kuni. Dereva, Baba Zuhura, hakuuliza. Aligeuza gari.

Kwa hiyo Mama alipoteremka kwenye pikipiki aliona turubai, sufuria kubwa za kuazima, wanaume wa Kitangari wamekaa kwenye mikeka, na watoto wa mpira wamepangwa ukutani. Mwalimu Tekla akamkimbilia, akamshika mikono yote miwili.

"Mama Yasini, nakuapia, mtoto ni mzima. Yuko shule."

Mama akasema, "Ahsante, Mwalimu."

"Ni mzima kabisa! Ulikuwa mzaha wake."

"Ahsante. Mmefanya vizuri." Akakaa kwenye mkeka. "Sasa nionyesheni alipo."

Wakamtuma mtu shuleni. Akarudi akasema, hayupo, alitoka na pikipiki, haijulikani amekwenda wapi. Rukia anasema hapo uso wa Mama ulifungika kama mlango. Kadiri walivyomwambia nipo hai, ndivyo alivyozidi kujua nimekufa, kwa sababu maneno yale yale ndiyo yeye mwenyewe amewaambia wafiwa wengi. Mwalimu akampa simu asome ule ujumbe. Mama akaukataa kwa mkono. Akaomba maji, akashika kikombe, hakunywa. Kila baada ya muda alisema taratibu, bila kumtazama mtu, "Nionyesheni alipo."

Mimi niliingia kwa mlango wa uani, nimejaa matope, sijui nianze na neno gani. Mdomo ulio na maneno mengi ukatoa lile la kwanza ulilofundishwa.

"Shikamooni."

"Marahaba," wakaitikia wote, mkeka mzima, kabla hawajakumbuka kwamba nimekufa.

Kisha ikawa vurugu. Mtu akapiga yowe, mtoto akacheka, Mzee Chilumba akavua kofia akaivaa tena. Mimi nilikuwa namtazama Mama. Hakuinuka. Alikitua kikombe chini kwa uangalifu sana, kama kimejaa mafuta ya moto, halafu mkono ukaanza kutetemeka, mtetemeko ukapanda begani, ukashika mwili wote. Mwalimu Tekla akasema, "Dawa yake iko wapi?" Nikakimbia ndani, nikamwaga kikopo cha chai kitandani, nikarudi na kidonge. Akakimeza. Tukamlaza ubavu. Mke wa Athumani akampepea kwa kipande cha boksi. Nilikaa karibu na miguu yake nikaishika, ilikuwa baridi na ina udongo wa shamba wa Chiungutwa, na nikawa nasikiliza pumzi yake kama ninavyosikiliza mpira, inatoka wapi, inatoka kiasi gani.

Pumzi ilitulia polepole. Rangi ikarudi. Akaketi, akafunga khanga vizuri. Mtu akacheka kidogo kwa ahueni, na hapo Baba Zuhura akalipuka.

Baba Zuhura ni Myao, mimi Mmakonde, tu watani. Kazi ya mtani msibani ni kucheka, kumkebehi marehemu, kudai alale vizuri asijaze kaburi.

"Nimekulilia!" akapiga kelele. "Mimi! Myao! Nimelia kutoka Newala mpaka hapa, mpaka nikapita kwenye shimo sikuliona! Nimemlilia Mmakonde! Nitawaambia nini kwetu?"

"Nisamehe, Baba Zuhura."

"Sikusamehi. Na ukifa kweli nacheka siku tatu, mashahidi hawa hapa!"

Watu wakacheka, mimi sikuweza. Nikainuka nitoroke ndani. Mama akasema neno lake la kwanza tangu niingie, "Yasini." Nikasimama. "Hawa watu wamekuja kwa nani?"

"Kwangu."

"Basi waage."

Nikaanza na Mzee Chilumba kwa sababu alikuwa karibu. Nilitafuta habari ya mbuzi, nikaikosa. Nikamwambia, "Mzee, mimi sitapanda tena Kitangari mpaka nimalize shule." Nikaona aibu jinsi sentensi ilivyo fupi.

Mzee akanishika kichwa kwa mikono miwili. "Hilo tu? Ulishindwa kuniambia hilo tu, ukaona bora kufa?" Akanitikisa. "Unga wa msiba haurudi nyumbani, mjukuu wangu. Utaupika na watu watakula. Na miiba nitaendelea kung'oa."

Rukia alinisonya. Alisema hakulia hata kidogo, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyepuliza kuni mbichi. Nikamwambia nitamfundisha kuziba mipira ya gundi kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, najua namna. Akasema, "Najua kabla yako." Halafu akasema, "Njoo siku moja moja utazame." Mtoto mmoja mdogo wa Kitangari akaniuliza kama huko nilikokwenda kuna viwanja. Baba Zuhura alikataa mkono wangu mara mbili, mara ya tatu akaushika na hakuuachia mpaka akatukana ukoo wangu wote.

Mwalimu Tekla nikamwacha wa mwisho. Alikuwa amekaa kwenye kigoda jikoni, anachambua mchele.

"Niliusoma mpaka mwisho," akasema. "Nikacheka. Korosho nikazicheka sana. Kisha nikapiga simu nikwambie umenichekesha, nikaambiwa haipatikani. Nikapiga tena." Akapuliza makapi. "Hapo nikaacha kucheka, na najua ulikuwa mzaha. Sasa fikiria asiyejua."

Nikasema, "Mwalimu, naaga." Nikalia hapo, mbele ya sufuria, kamasi zote, na Rukia alikuwa mlangoni anaona. Mwalimu hakunibembeleza. Alinipa ungo nimalizie mchele, akatoka kwenda kukaa na Mama.

Basi tukapika, tukala ubwabwa wa maiti aliye hai, na Baba Zuhura akadai kichwa cha kuku kama haki ya mtani. Jua lilipoanza kulala pikapu ikaondoka na watu wa Kitangari, watoto wakinipungia mikono nyuma. Niliwapungia mpaka kona. Nilipogeuka, uani tulibaki mimi na Mama na lundo la sufuria za kuazima.

Siku nzima alikuwa hajaniambia kitu zaidi ya lile neno la kuaga. Nikakaa chini nikaanza kusugua kwa majivu, nikingoja. Nilingoja kofi. Nilingoja kufukuzwa. Ningelipokea lolote. Yeye akavuta kigoda, akakaa upande wa pili wa sufuria, akawa ananisuuzia. Tulisugua kubwa, tukasugua ya kati. Nikasema, "Mama." Akamwaga maji machafu, akaongeza mengine. Tulipofika kwenye ya mwisho ndipo akasema, akiwa anatazama maji, na nayaandika hapa kama alivyoyasema:

"Njia nzima kutoka Chiungutwa sikulia. Nilikuwa najiuliza, kuanzia kesho watu wataniita nani. Haya, sugua vizuri, hizo sufuria za watu."